Mzunguko Kabla ya Kutua

Kambini, 2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu zetu zimekusanywa zote zikafungiwa sandukuni, kwa sababu adui anazinusa kutoka angani. Tumerudi kwenye karatasi kama enzi zako. Barua hii anaibeba dereva wa lori la mafuta, na kabla ya dereva ataisoma afisa mmoja mwenye kalamu nyeusi. Ukikuta mstari umefutwa, si mimi.

Mimi ni mzima. Mwambie mama nakula vizuri.

Sasa nikuambie jambo kabla hujalisikia kwa watu, maana najua ukilisikia kwa watu utakuja huku kwa miguu. Vita hivi si vile ulivyotusimulia. Zamani helikopta ikitokea, watu wa chini walikimbia kwa kusikia tu mapanga yakikata upepo. Siku hizi tunaokimbia ni sisi wenye helikopta. Adui ana droni, vidude visivyo na rubani, vingine havizidi sinia, vina jicho mbele na baruti tumboni. Huku tunaviita mbu. Anayemwendesha mbu amekaa shimoni kwake, mbali, na miwani usoni, na anaiangusha mashine iliyolelewa na mafundi mwaka mzima kwa kitu unachoweza kukibeba kwenye mkoba. Kikosi cha jirani kimepoteza moja ikiwa imeegeshwa, rubani wake akiwa chooni.

Kwa hiyo tunaruka chini, usawa wa miti. Tukirudi tunatua moja kwa moja, tunazima injini, tunaisukuma mashine chini ya nyavu. Sitakuficha, Mjomba, naona aibu. Naificha helikopta kama mtu aliyeiba mbuzi.

Na lililonifanya niandike ni hili. Mkuu amepiga marufuku mzunguko wako. Hakuna tena kuizunguka kambi kabla ya kutua ili fundi asikilize. Aliyeumia zaidi ni fundi wetu Masikio, mwanafunzi wako wa mwisho. Anasikiliza injini ikiwa imekaa chini, halafu anatikisa kichwa. Anasema ni sawa na kumpima mkimbiaji mapigo ya moyo akiwa amelala.

Amri ni amri. Ila nilitaka uisikie kwangu.

Mpwa wako,
Rubani


Karakana, 9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Na wewe afisa mwenye kalamu nyeusi, hujambo. Vuta kiti, hii ni ndefu.

Barua yako imenikuta nimefungua pampu ya maji ya mteja, naye amenisimamia kichwani kama askari. Nilipomaliza kusoma akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo, karibu na msiba.

Rubani anayejificha chini ya wavu ni rubani au ni samaki? Mimi nimepokea mashine zilizopigwa risasi zikawa na matundu kama chujio. Zilizunguka, zikasikilizwa, zikatua. Leo unaniambia mbu. Tembo amemkimbia mbu. Nikiwasimulia hapa karakana watadhani uzee umeniingia kwa mguu mbaya.

Mzunguko unajua ulikotoka, lakini nitakukumbusha, maana inaonekana hewa ya huko inasahaulisha. Baba yako aliondoka uwanjani na mashine ambayo mafundi wote tuliisikiliza ikiwa chini, ikinguruma kama paka aliyeshiba. Kumbe beringi ya mkia ilikuwa inakufa. Beringi ya mkia hailii mpaka ibebe mzigo wa kuruka. Ilikuwa imelia jana yake huko juu, na huko juu hapakuwa na sikio la fundi. Aliporuka tena mkia ukakatika. Nilimzika shemeji yangu, nikamletea dada yangu kofia.

Tangu hapo nikasema hatui mtu mkononi mwangu kabla hajazunguka polepole, chini chini, na fundi awe amesimama uwanjani peupe, masikio wazi, akimsikiliza. Fundi akiinua mkono, tua. Asipoinua, tua pia, lakini mashine hiyo hairuki tena mpaka tuifungue. Toka siku ile mkia haujakatika. Hata mmoja, mpwa wangu. Waulize.

Mwacha mila ni mtumwa. Hao wakubwa wenu wa leo wanaamuru kwa kompyuta, hawajawahi kupaka grisi hata baiskeli. Baba yako asingetua bila kusikilizwa. Angepiga saluti, angesema ndiyo mkuu, halafu angezunguka. Sisemi uvunje amri, na afisa asome vizuri hapo, sisemi. Nasema tu kwamba naona haya kumwambia mama yako kuwa mwanawe siku hizi anaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Msalimie Masikio. Mwambie afunge macho, kama nilivyomfundisha.

Mjomba wako,
Fundi


Kambini, 15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Haikufutwa hata neno. Afisa alinikabidhi mwenyewe huku anacheka. Nimemsomea Masikio sehemu yake, na ile ya samaki, akacheka mpaka ikabidi akae chini. Sehemu ya baba sikumsomea mtu.

Kesho tunawapelekea wenzetu wa mbele chakula na dawa, tutarudi mchana. Sina mengi. Ulichosema nimekisikia.

Mpwa wako,
Rubani


Karakana, 30 Machi

Mpwa wangu,

Dereva wa lori amepita hapa bila barua. Nimemwuliza habari zako akasema hajui. Dereva yule anayejua nani kagombana na mkewe katika kila mji anaopita, leo hajui, na alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kama umeninunia kwa yale maneno, ninunie kwa maandishi. Mimi ulimi wangu unaujua tangu ukiwa mdogo, ni wa tupa, unakwaruza lakini unanoa. Na kwa kuwa uliandika "nimekisikia", nimeshawaambia watu wa karakana kwamba mpwa wangu haingii nyumbani kwa mlango wa nyuma. Wameniletea soda. Nimeinywa.

Mama yako anafagia ua ambao ameshaufagia. Andika hata mstari mmoja, hata wa kunitukana.

Mjomba wako,
Fundi


Kambini, 6 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Tulianguka.

Ilikuwa hitilafu ya mkia, wakati wa kutua. Hatukuwa juu sana. Mashine ililala ubavu ikashika moto. Mimi nimetoka na michubuko, mwenzangu amevunjika mkono. Masikio alikuwa karibu na tanki lilipolipuka, likamtupa. Yuko hospitali ya jeshi, mbali na mapigano, wanasema anaendelea vizuri.

Mimi nimepumzishwa kuruka kwa muda. Ni utaratibu tu. Tume inachunguza, kwa hiyo usijisumbue na sababu. Mambo ya mkia unayajua kuliko mtu yeyote.

Mwambie mama sikuumia. Mwambie hivyo kwanza, kabla ya mengine.

Mpwa wako,
Rubani


Karakana, 12 Aprili

Kwa Masikio, hospitalini.

Nimesikia uko kitandani, nakuombea upone. Hayo ni ya adabu. Sasa ya moyoni.

Mkia, Masikio. Mkia uleule. Nimeisoma barua ya mpwa wangu kama ninavyosikiliza injini, na nimesikia anachoficha. Ameandika mistari michache, ya haraka, na hasemi fundi alisikia nini. Kuna mtu anamlinda. Ana moyo wa mama yake, hawezi kumtaja mtu. Anakulinda wewe.

Mkia haukatiki bila kulia kwanza. Nimekufundisha hivyo mpaka ukaota ndoto zake. Kama alizunguka, wewe ulikuwa uwanjani, na ulisikia nini? Kama hakuzunguka, ulikuwa unamsikiliza kila siku akiwa chini, na ulisikia nini? Wengine niliwafundisha kazi, wewe nilikurithisha masikio yangu. Nilistaafu nikalala usingizi kwa sababu wewe ulikuwa pale.

Nilimzika baba mtu. Ulitaka nimzike na mwana? Sikio la kufa halisikii dawa, na inaonekana la kwako lilikufa siku nyingi, sisi tukaendelea kukuita kwa jina hilo. Usinijibu mpaka uwe na la kusema.

Fundi


Hospitali, 20 Aprili

Mzee, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nesi alidhani imetoka kwa mchumba.

Mzee, mimi sisikii tena. Labda hawakukuambia. Sikio la kulia limekwisha. La kushoto lina mluzi usiozimika, na nyuma ya mluzi hakuna kitu. Watu wananiandikia kwenye kibao cha chaki. Daktari aliandika kwamba nisubiri, halafu akaangalia pembeni.

Umeniuliza nilisikia nini. Ninalo la kusema, kwa hiyo nakujibu.

Asubuhi ile Rubani alinifuata, akaniambia nitoke uwanjani atakaporudi. Nikamkumbusha amri. Akasema, "Mzee ameandika." Ikatosha. Nilifurahi, sitakudanganya. Nilinyoa na ndevu.

Alirudi mchana. Alikuja polepole, chini chini, kama zamani. Mafundi walitoka chini ya nyavu, wengine wakapiga makofi. Nilisimama pale penye alama ya chokaa. Nilivua vifuniko vya masikio, nikafunga macho kama ulivyonifundisha. Nikasikiliza injini, nikasikiliza giaboksi, nikaufuata mkia peke yake kuanzia mwanzo wa mzunguko mpaka mwisho. Mkia ulikuwa mzima, Mzee. Sijawahi kusikia mkia mzima kama ule. Nikainua mkono.

Mbu alikuwa nyuma yake. Wenzangu wameniandikia kwamba alitokea juu ya miti akamfuata mzunguko mzima bila haraka, kama mtu anayesubiri zamu yake. Walinipigia kelele, wakanionyesha kwa vidole. Injini ilikuwa juu ya kichwa changu, sikuwasikia. Macho yalikuwa yamefungwa, sikuwaona. Rubani alikuwa ananitazama mimi. Mtu pekee ambaye angeweza kumwambia akimbie nilikuwa mimi, na mkono wangu ulikuwa umeshamwambia atue.

Mbu alipiga pale pale kwenye mkia. Ndiyo hitilafu yenyewe.

Kwa hiyo si kweli kwamba sikusikia. Nilisikia kila kitu nilichofundishwa kusikia.

Usimwambie Rubani kwamba nimekuandikia. Alikuja kunitazama. Alikaa kwenye kiti, akachukua kibao, akaandika "nisamehe", akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Aliondoka na chaki yangu mfukoni.

Mwanafunzi wako,
Masikio


Karakana, 27 Aprili

Mpwa wangu,

Masikio ameniandikia. Kaniomba nisikuambie, nimeshindwa.

Nilitaka kukuuliza kwa nini ulinificha. Usijibu, najua. Ulidhani nikijua nitakufa. Sijafa. Nimekaa hapa kwenye kiti na mikono haina pa kukaa.

Hujui nilichofanya, acha nikuambie mwenyewe. Uliponiandikia hitilafu ya mkia, mimi nikachukua kalamu nikamwandikia yule kijana. Nilimwuliza alisikia nini. Yuko kitandani hasikii hata jina lake likiitwa, na mimi namwuliza alisikia nini. Nikamwita sikio la kufa. Nilijisifu kwamba nimeisikiliza barua yako kama injini, nikasikia unamlinda mtu. Kweli ulikuwa unamlinda mtu. Sikufikiria kwamba ni mimi.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nimewaambia wanafunzi wangu maneno hayo miaka yote, na mimi mwenyewe nimejikwaa ulimi nikiwa nimekaa, mbali, kivulini. Nilikucheka kwa mbu. Sijawahi kumwona huyo mbu, mpwa wangu. Ukiniletea leo mezani sitajua pa kumshika. Nilikuwa nabishana na kitu nisichokijua kwa sababu kilinigusa jina. Ndiyo kweli yake. Nilisema ni kwa ajili ya baba yako, lakini baba yako hakuhitaji kitu, amelala. Aliyekuwa anahitaji ni mimi. Nilitaka kusikia kwamba kikosi kizima bado kinazunguka kwa neno langu.

Na soda niliyoinywa, niliinywa ninyi mkiwa mmeshaanguka. Siwezi kuipita meza ile bila kuikumbuka.

Jana mteja kaleta mashine ya kusaga, akaniomba niisikilize kama kawaida yangu. Nilimwambia aipeleke kwa mwingine. Akadhani namfukuza.

Sasa nisikilize. Namwandikia Mkuu wako kwamba ni mimi niliyekusukuma, na barua yangu afisa aliisoma, yeye ni shahidi. Wasikuvue mabawa ya urubani kwa maneno yangu. Mama yako nimemwambia yote. Akasema, "Kaka, wewe na masikio yako." Kisha akaingia ndani.

Mjomba wako


Kambini, 5 Mei

Mjomba, shikamoo.

Usimwandikie Mkuu kwa ajili yangu. Tume imemaliza kazi. Niliwaambia nilizunguka kwa kujionyesha, na huo si uongo. Barua yako ilikuwa mfukoni, lakini usukani ulikuwa mkononi mwangu. Ukinitetea utanivua nguo mara ya pili, nitakuwa rubani aliyevunja amri kwa sababu mjomba wake alimcheka. Niache na kosa langu, angalau hilo ni la mtu mzima.

Mabawa wameshanivua. Sitaruka tena. Kazi yangu sasa ni kushona nyavu zinapochanika, na kuna siku napita nikiwa nimebeba wavu begani mafundi wananyamaza. Hilo nalizoea.

Nisilolizoea ni jingine. Nilikuandikia "hitilafu ya mkia" nikidhani nakuokoa, sikufikiri kwamba uongo wa namna ile lazima umwangukie mtu. Mkia ukiharibika, fundi ataulizwa. Ukamwangukia aliye kitandani. Wewe ulimwonea bila kujua. Mimi nilijua mkia ulikuwa mzima, nikauita mbovu.

Yule afisa mwenye kalamu nyeusi alinifuata nikiwa nashona. Alisimama, akasema, "Niliisoma ile barua nikacheka, nikaipitisha. Kazi yangu ni kuzuia vitu kama vile." Nikamwambia akae. Akakaa akanishikia uzi. Akasema, "Na mimi niliupenda mzunguko." Tulishona mpaka saa ya chakula.

Lakini kuna jambo, na sijui nalisemaje. Nilidhani watu watauogopa mzunguko sasa. Wamegeuka, wanaupenda zaidi. Wanasema Masikio ameumia akiilinda mila ya Mzee, na kwamba aliyeiua mila hiyo ni Mkuu, si mbu. Ile alama ya chokaa uwanjani wameipaka upya. Kuna rubani mmoja mdogo kwangu, tunamwita Bwana Harusi kwa sababu alioa akaja vitani kabla mkewe hajamaliza kula keki. Anasubiri mashine itengenezwe, na ameapa atazunguka kwa heshima yako. Fundi wake ameapa atasimama kwenye chokaa na kufunga macho.

Nimewasihi. Wananitazama kama mtu aliyeanguka kwenye ngazi na sasa anawakataza wengine kupanda. La Mkuu hawalitaki, langu halina uzito. Kuna neno la mtu mmoja tu wanaloliheshimu.

Nimeandika hapo juu kwamba sijui nalisemaje. Najua. Naona haya kukuomba.

Mpwa wako


Karakana, 12 Mei

Kwa marubani na mafundi wote wa kikosi. Naomba isomwe kwa sauti. Afisa, usipunguze neno.

Mimi ndiye mnayeniita Mzee. Mzunguko niliuanzisha mimi, na leo naufuta mimi. Si Mkuu wenu. Mkuu wenu aliona mapema nilichokataa kukiona.

Niliuanzisha kwa sababu kuna siku sikusikia, na mtu akafa. Uliwafaa watu muda mrefu kwa kuwa adui wa siku zile alikuwa beringi, na beringi haina macho. Huyu wenu ana macho. Anachopenda ni mtu anayekwenda polepole, chini chini, kwa njia ile ile kila siku, na fundi aliyesimama peupe akiwa amefumba macho. Mimi ndiye niliyewafundisha kumwandalia hivyo.

Mjue na haya, kwa kuwa nasikia wapo wanaoapa kwa jina langu. Kilichomfanya mpwa wangu azunguke ni barua niliyomwandikia, ya kumcheka. Nilimtajia baba yake, nikijua anaumia wapi. Na Masikio alipolala hospitalini bila masikio, nilimwandikia kwamba ni uzembe wake. Mnaonipigia saluti, mnampigia mtu huyo.

Msinipe heshima ile. Atakayezunguka kwa jina langu atakuwa ananizomea mbele za watu. Mwenye kutaka kunitendea jema atue moja kwa moja, azime injini, aingie chini ya wavu. Fundi afumbue macho. Ile alama ya chokaa ifukieni leo.

Mtaniuliza, na mkia je? Mtausikilizaje bila mzunguko? Sijui. Nimelifikiria mpaka kichwa kimeuma, sina jibu. Mtalitafuta ninyi. Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua.

Aliyekuwa fundi wenu


Kambini, 21 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua ilifika leo asubuhi. Mkuu alitaka kuisoma, afisa akaomba aisome yeye. Aliisoma polepole, hakuruka kitu. Alipofika pale unapomtaja baba yangu nilitazama chini, na nilipoinua macho nikaona watu wengine nao wanatazama chini. Kisha yule fundi aliyeapa akachukua koleo, akaenda uwanjani kufukia chokaa.

Shida ni kwamba Bwana Harusi hakuwepo. Alikuwa ameshaondoka na mashine yake kabla lori halijafika. Redio haturuhusiwi kuigusa, mbu wanainusa kama simu. Hatukuwa na njia ya kumwambia. Mkuu akasema pasiwe na mtu uwanjani, akikuta patupu ataelewa. Fundi wake akasema, "Au atazunguka akinitafuta."

Tulikaa chini ya nyavu tukisubiri. Masikio ameniandikia wiki hii, na ili nisifikirie nikaitoa barua yake. Anasema ulikwenda kumwona. Anasema ulikaa kwenye kiti, ukachukua kibao na chaki, ukashindwa kuandika, ukakirudisha mezani. Ameniuliza ukoo wetu una ugomvi gani na kibao. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka.

Halafu tukaisikia mashine nyuma ya kilima. Nilijikuta nimefunga macho nisikilize. Nikayafumbua.

Bwana Harusi alitokea akapunguza mwendo, akainua pua ya mashine kama anayeanza mzunguko. Fundi wake alishika wavu kwa mikono miwili. Bwana Harusi akaenda hivyo kidogo, nadhani akaona udongo mpya pale palipokuwa na chokaa, na kwamba hakuna mtu. Akashusha pua, akatua moja kwa moja. Tulikimbia wote kuisukuma. Aliruka chini amekasirika, anauliza, "Fundi wangu yuko wapi? Kwa nini hamkunipokea?" Afisa akampa barua yako. Aliisoma ameegemea mashine, akavua kofia, akaja kukaa karibu na mimi.

Haukupita muda mbu akaja. Tulimsikia vizuri kwa kuwa injini zote zilikuwa zimezimwa. Aliuzunguka uwanja mtupu polepole, chini chini, akarudia, akaenda zake.

Jioni tuliukagua mkia wa Bwana Harusi kwa macho na kwa mikono, fundi wake na mimi, mpaka giza likatuzuia. Hatukuona kitu. Kama unalia ukiwa juu, Mjomba, hatujui, na kesho anaruka tena.

Mpwa wako